Shini ya Marehemu Baba

Jumatano, 11 Septemba 1935

Barua imefika leo na lori la Dar es Salaam. Mpiga chapa anautaka utenzi wa marehemu baba! Wote, beti mia tatu na arobaini, aupige kitabu. Anasema tangu Mtaliani aanze kumtishia Mhabeshi watu wanagombea habari za vita kama vitumbua vya asubuhi, na vita vyetu vya Mdachi na Mwingereza navyo vina wasomaji. Sharti moja — niuandike upya kwa herufi za Kizungu. Mashine yake haina za Kiarabu.

Nilisahau hata kugonga kengele. Watoto wakakaa darasani mpaka adhuhuri, maskini, wakidhani nimewaadhibu.

Baba angekuwapo. Miaka minane kaburini, na sasa ndiyo jina la Mzee Kibwana linakwenda mjini. Na arusi yangu tarehe nne mwezi ujao, mimi na Mwanvita binti Salumu. Kheri zimekuja kwa mkupuo. Naogopa jicho la watu, kwa hiyo nafurahi humu daftarini tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeanza. Kazi si nyepesi kama nilivyojigamba jana. Herufi za Kiarabu hazikuumbiwa Kiswahili. Be moja inabeba ba, pa na mba. Na shini! Shini ndiyo punda wa wote — sha ni shini, cha ni shini. Wazee wetu hawapotei, kwa kuwa wanajua wanachosoma kabla hawajakisoma. Mzungu hataki hivyo. Kwake kila sauti na herufi yake, s na h, au c na h, uchague.

Leo nimekaa muda mzima na neno moja. Ni "pichi" au "pishi"? Pishi ya mchele. Nilicheka peke yangu, dada Ashura akaja kuchungulia kama nina mgeni.

Beti kumi na nane zimekwisha. Mwandiko wangu unapendeza. Nasema mwenyewe, hakuna asomaye.

Jumamosi, 14 Septemba

Habari ya kitabu imeenea. Asubuhi alikuja Bi Mosi, mama yake Mwanvita. Hakuingia, alisimama kizingitini, kanga imefunika nusu ya uso, kama ilivyo kwa mkwe. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza jambo moja tu. Ule ubeti wa mume wangu utakuwamo? Nikamwambia, mama, huo hauwezi kuachwa. Huo ndio utenzi wenyewe.

Na ndivyo ilivyo. Mwaka ule wa 1916 Mdachi alikuwa akikamata wanaume wambebee mizigo ya vita, na waliokwenda hawakurudi. Baba akaficha watu kumi katika ghala lake la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Salumu, mume wa Bi Mosi, alikuwa mmoja wao. Kisha manowari za Mwingereza zikaja zikapiga mji wetu wa Bagamoyo, sote tukakimbia, na Mdachi akiondoka kwa njia ya Msata akawakuta wale kumi akawachukua. Hawakuonekana tena. Lakini baba alijaribu, na mji haukusahau. Kila mwaka baada ya maulidi utenzi unasomwa barazani. Ukifika hapo wanawake hulia, wanaume husema Mungu amjazi Kibwana. Skuli nimewafundisha watoto ubeti huo miaka minne, ndiyo historia yetu ya vita, hatuna nyingine.

Mwanvita alikuwa tumboni. Nilipompeleka mshenga, Bi Mosi hakutaka hata siku tatu za kufikiri. Alisema hawezi kumnyima mwana wa aliyemficha mumewe.

Yeye mwenyewe hajakaa eda. Miaka kumi na tisa! Hakuna aliyeshuhudia kifo, basi yeye ni mke wa mtu. Ameposwa mara mbili, akakataa. Salumu huenda yuko Nyasa, anasema, huenda anaumwa miguu.

Kwa heshima yake kesho nitauandika ubeti huo kwanza, kabla zamu yake haijafika.

Jumapili, 15 Septemba

Ubeti wa 212. Nauweka hapa kama unavyosomwa:

Vita vilipotuchosha
watu kumi wakakesha
ghalani nikawaficha
Mola wangu nighofiri

Nimeuandika nikatabasamu. Kila mtu anajua hapa kina kinachechemea. Chosha, kesha, halafu ficha. Maalim Humoud, aliyekuwa akisoma barazani, alizoea kusema Mzee Kibwana hapa aliwajali watu kuliko vina.

Lakini nikashika kalamu tena. Baba! Baba aliyenichapa bakora tatu kwa kutia "pasi" pamoja na "ndizi" na "mbuzi" na "panzi" na kudai nayo ni zi. Baba aliyekaa siku nne bila kula vizuri kwa kukosa kina kimoja. Nimepitia beti zote mia tatu na arobaini jioni hii. Hakuna kingine kinachochechemea. Hakuna hata kimoja.

Nikarudi kwenye neno. Nun, kaf, waw, fe, shini. Nikalisoma kwa shini yake.

Kina kimekaa sawasawa.

Jumatatu, 16 Septemba

Nikawafisha. Niliwafanya wafe.

Sijui nimefundisha nini leo.

Najiambia labda ni mkono tu. Labda alichoka. Lakini nakumbuka mambo. Baba hakuusoma utenzi huu mwenyewe hata mara moja, na sauti alikuwa nayo. Kila mwaka walipokaribia ubeti huo aliinuka akaenda kuchukua udhu, hata kama adhana bado. Tulimwona mnyenyekevu. Watu walisema hapendi kusifiwa.

Na ile "nighofiri". Watunzi wote huomba maghufira, ni mazoea. Lakini huomba mwishoni. Nani anaomba kusamehewa kwa kuficha watu?

Jumatano, 18 Septemba

Dada Ashura ameniletea vitambaa vya kanzu ya arusi nichague. Nimechagua cha kwanza. Amenuna, anasema ninaoa kama ninayekwenda bomani kulipa kodi.

Mtu mmoja tu amebaki wa kuulizwa. Mzee Ausi, aliyekuwa mkono wa kulia wa baba pale ghalani. Anaishi Zinga. Jumamosi nitakwenda.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimerudi. Baiskeli nimeiacha imelala uani.

Nilimkuta Mzee Ausi shambani anapalilia mihogo. Shikamoo — marahaba mwanangu, arusi lini? Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya neno moja. Nikamsomea ubeti kwa shini yake. Aliweka jembe chini taratibu, akakaa juu ya tuta.

"Nani amekuambia?"

"Kina kimeniambia."

Akasema mficha maradhi kilio humfichua, na yeye amechoka kungojea kilio. Akaeleza. Naandika kama alivyosema, nisije nikajidanganya kesho.

Baba aliwaficha kweli. Hilo ni haki yake. Watu kumi, ghalani, katikati ya magunia ya mbata. Ili askari wa Mdachi waone ghala limefungwa na halina mtu, aliwafungia kwa nje kwa kufuli kubwa, ufunguo akautia kiunoni. Chakula alipeleka Ausi. Siku ya tatu, alfajiri, mizinga ikaanza baharini. Mji mzima ukatoka mbio. Baba alinibeba mimi na akamvuta mama. Nilikuwa na miaka saba, nakumbuka mtikisiko ule begani mwake na jinsi alivyokuwa akigeuka nyuma. Nilidhani anatazama manowari.

Tulifika Zinga, na Ausi pamoja nasi. Hapo ndipo baba alipojishika kiunoni. Akataka kurudi. Ausi ndiye aliyemzuia! Alimwambia wale ni wanaume kumi wazima, watauvunja mlango, na njiani kuna askari, watakuua na watoto wako wabaki. Baba akakaa. Siku mbili alikaa.

Waliporudi, baba na Ausi, ghala lilikuwa limesimama. Walifurahi. Wakashukuru Mungu. Ila pembeni kombora la mzinga lilikuwa limetoboa paa, na mbata za upande ule zilikuwa zimefuka moto bila ndimi, moshi tu, kama zinavyofanya mbata. Baba alifungua kufuli. Mlango ulikuwa mzito kufunguka, kwa sababu wote kumi walikuwa nyuma yake.

Mzee Ausi hakulia. Alikuwa akichambua magugu na vidole huku anasema.

Mji ulikuwa mtupu bado. Waliwazika wao wawili, shimo moja, nyuma ya ghala. Bila kuoshwa, bila sanda, dua alizisoma baba akiruka maneno. Mjane wa kwanza aliporudi mjini akauliza, baba akasema Mdachi amewachukua kwa njia ya Msata. Alitaka kusema kweli kesho yake. Kesho yake wakaja wajane wengine wanne, nao walikwisha kuisikia ile ya Msata.

"Pale nyuma ya ghala," nikauliza, "ndipo palipo miasumini?"

Ndipo. Baba aliipanda mwenyewe, akapafanya wakfu, asilime mtu. Wanawake wa mji mzima huchuma pale asumini za vikuba, vile vishada vya kujipamba. Nimepita pale maisha yangu yote. Nimenusa.

Halafu akaniambia la mwisho. Baba alikaa miaka saba na siri. Mwaka wa 1923 alimwita Ausi akamwambia, nimeiandika, nitaisomesha mbele ya watu, wanifanye wapendavyo. Sauti yake mwenyewe haikutoka, akampa Maalim Humoud kitabu. Baraza limejaa. Maalim akafika kwenye ubeti, akaiona shini, akasoma alichokuwa akikijua. Nikawaficha! Watu wakapiga takbira. Wajane wakaja kumbusu mikono.

"Na baba?"

"Alifungua mdomo."

"Akasema nini?"

"Alifungua mdomo tu, mwanangu."

Jumapili, 22 Septemba

Sikunywa chai. Dada anasema ni homa ya arusi, kila bwana arusi huipata.

Jumatano, 25 Septemba

Leo nilikwenda kwa Bi Mosi. Nilikusudia kusema. Naapa nilikusudia. Nilijifunza maneno njiani kama mtoto anayekwenda kumsomea maalim.

Nikamkuta na shemeji yake, Mzee Mwishehe, mdogo wake Salumu. Wanagombana juu ya walii. Mwishehe anasema kaka yake alikwisha kufa zamani, kila mtu mwenye akili anajua, basi walii wa Mwanvita ni yeye baba mdogo, na yeye ndiye atakayemwoza. Bi Mosi anasema ukisema amekufa unamwua wewe. Sheikh aliitwa kuamua. Akasema sheria iko wazi. Baba akithibitika amekufa, walii ni Mwishehe. Akiwa hajulikani alipo, walii ni kadhi, na ndoa atafungisha kadhi. Walii asiye na haki akioza, ndoa ina mashaka.

Mwishehe alitoka amefura. Mzee wa watu, macho mekundu. Alinipita mlangoni bila salamu.

Tukabaki, mimi ukumbini, Bi Mosi nyuma ya pazia. Nikasema mama. Akasema labeka mwanangu. Nikasema mama, na kama habari zingekuja. Akadakia. Anazo kanzu mbili za Salumu, anasema, huzianika kila mwaka baada ya masika zisiliwe na nondo, maana mtu hawezi kutoka Nyasa aje akute hana cha kuvaa msikitini. Akacheka kidogo. Akaniuliza nilitaka kusema nini.

Nikamwambia nimekuja kuuliza saa ya kuleta mbuzi.

Mimi ni mwoga. Niandike hapa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumamosi, 28 Septemba

Beti zote zimekwisha. Ule wa 212 niliouandika kabla niliuchana, nikauacha mpaka wa mwisho, nafasi ya mistari minne tupu katikati ya ukurasa.

Kwa shini baba alikuwa amesema kweli, na mji ukasikia uongo, na yeye hakudanganya hata herufi moja. Mimi sina mlango huo. Kwa herufi za Kizungu nikifika "nikawafi" lazima nichague. Mkono ulisimama hapo mpaka wino ukadondoka ukachafua karatasi, nikaanza ukurasa upya.

Nilifikiri hivi. Aliwaficha — ni kweli. Aliwafisha — ni kweli. Nikiandika moja katika mbili za kweli, nimedanganya? Nimejiuliza kwa ustadi kama wakili.

Nimetia c.

Bahasha imeondoka na lori la saa nne. Dereva alipoipokea aliipangusa vumbi kwa mkono wa shati, kwa heshima, akasema huo ndio ule wa Mzee Kibwana? Amjazi Mungu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimeoa.

Asubuhi mji wote ulikuwa na habari moja, na haikuwa yangu. Mtaliani amevuka mpaka, ameingia Uhabeshi, anapiga kwa ndege. Msikitini wazee walikuwa wakihesabu nani ana wana wa umri wa kukamatwa. Mmoja alisema hapa kwetu hakuna shaka, tuna watu kama Kibwana. Wakaniangalia mimi! Wakanipa mkono.

Baada ya sala, ndoa. Sheikh akageuka kwa waliohudhuria, kama sheria inavyotaka, akauliza kwa sauti. Je, kuna yeyote hapa mwenye habari za Salumu, baba wa binti huyu, yu hai au ni maiti?

Mzee Mwishehe akasema, "Moyo wangu unajua amekufa."

Sheikh akamjibu kwa upole, "Moyo si shahidi, mzee wangu."

Akangoja. Alingoja hasa, alitazama safu zote. Nilikuwa mbele yake, magoti yetu yamegusana, mkono wangu mkononi mwake tayari. Nilikuwa naangalia kidole gumba chake. Kina kovu.

Basi sheikh, aliyepewa idhini na kadhi, akasoma khutba, nikaozwa, nikasema nimekubali. Nilisema vizuri, kwa sauti. Watu walisifu.

Kisha nikapelekwa kwa bibi arusi. Amekaa kitandani, macho chini, hina mpaka vifundoni. Kichwani na kifuani wamemjaza vikuba. Asumini. Sikuuliza zimechumwa wapi. Bagamoyo nzima huchumwa mahali pamoja.

Nilitoka nikasema nimeshikwa na homa. Wanawake wakacheka.

Jumapili, 6 Oktoba

Nalala mkekani. Namwambia Mwanvita homa haijatoka, nisimwambukize. Ananiletea uji wa pilipili manga. Ana sauti ya chini, na ana mzaha — ameniuliza kama homa hii ni ya siku saba au ya mwaka, ili ajue pilipili ya kununua.

Nampenda. Hilo sikulitaja humu, nilidhani halina haja.

Ikiwa Salumu amekufa, na amekufa, basi aliyenioza hakuwa walii. Nimo chumbani na binti wa watu, wala simgusi, wala simwachi.

Jumanne, 8 Oktoba

Barua ya mpiga chapa! Anasifu mwandiko. Anasema herufi zimekwisha kupangwa zote, bado ubeti mmoja, ameusimamisha. Naandika maneno yake: "Katika ubeti wa 212 kina kimepotea, jambo la ajabu kwa mtunzi hodari namna hii. Nadhani wewe mwalimu umekosea kunakili. Je, siyo nikawafisha? Tafadhali angalia kitabu cha asili unijibu haraka, mashine inangoja."

Mtu asiyetujua. Hajapata kufika Bagamoyo. Kina amekiona mara moja, kwa kusoma tu. Sisi tumekisikia miaka kumi na miwili.

Sijajibu. Barua nimeificha ndani ya daftari hili. Nimeificha — neno lenyewe sasa siwezi kuliandika bila kutazama herufi zake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jambo limenishtua jioni hii, dogo, kwa nini sikulifikiri kabla?

Nimerudi kutoka skuli nikamkuta Mwanvita amekaa na kitabu cha baba mapajani. Mkono wa baba mwenyewe. Nilikiacha juu ya sanduku, wazi, kama sahani! Nilikuwa nikitaabika na c na s za watu wa Dar es Salaam, na humu ndani wanawake wote wanasoma Kiarabu na hakuna anayejua hata a ya Kizungu. Daftari hili ningeweza kuliacha sokoni. Kile kitabu ndicho cha kufungiwa.

Nikamuuliza unasoma? Akasema anasoma polepole, hana la kufanya, mume ana homa. Yuko ubeti wa hamsini. Akanionyesha neno, akaniuliza mbona babamkwe hatii nukta tatu kwenye che. Maalim wao wa chuo alitoka Lamu, aliwafundisha che ina nukta zake chini na shini ni shini, hazichanganywi, aliyechanganya alikula fimbo. Anasema anahangaika, kila mahali anasoma sha, halafu ndipo anajirekebisha.

Nikataka kumnyang'anya. Kwa neno gani? Nikamwambia utachoka macho.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku ya saba. Fungate imekwisha. Bi Mosi amekuja na sinia la biriani na dada Ashura amempokea. Nimewaamkia nikaingia humu chumbani, nimesema nina barua ya kujibu. Ni kweli ninayo. Karatasi iko mbele yangu, nimeandika "Bwana mpendwa" na tarehe.

Wako ukumbini. Pazia tu kati yetu.

Bi Mosi amemwambia Mwanvita, nasikia unajua kukisoma kitabu mwenyewe, miaka yote nimesikia kwa mbali wanaume wakisoma, leo nisomewe na mwanangu. Soma pale pa baba yako.

Naweza kuinuka. Naweza kusema chakula kipoe kwanza. Naweza kutoka nikamwambia kila kitu, kwa mdomo wangu, kabla ya herufi. Ndivyo angefanya mtu. Naandika badala yake.

Anafungua. Anatafuta. Dada Ashura amekwenda jikoni kuleta maji.

Ameanza mbali kidogo, ubeti wa mia mbili na kumi. Anasoma kama wanavyosoma chuoni, neno kwa neno, bila kuimba. Mama anaitikia, ehe, ehe.

Vita vilipotuchosha.

Ehe.

Watu kumi wakakesha.

Ehe, mwanangu.

Ghalani —

Amelisoma. Hakusita. Amelisoma kwa shini, kama alivyofundishwa, na kina kikalia sawasawa humu nyumbani. Kisha akasita.

Bi Mosi hakusema ehe.

Amemwambia, rudia. Mwanvita amesema nimekosea mama, babamkwe hatii nukta, ni nikawaficha. Mama amesema usirekebishe. Soma kilichoandikwa. Akasoma. Mama akamwambia aanze ubeti juu, aende mpaka chini. Chosha. Kesha. Fisha. Nighofiri.

Nasikia Ashura akimwaga maji uani.

"Muhidini bin Kibwana." Ni Mwanvita. Siku saba ameniita bwana, leo ameniita jina langu na la baba yangu, kama sheikh siku ile alipokuwa akinioza. Nimeitika naam. Sauti imetoka. Hakuniuliza chochote bado. Nadhani halitazami hata pazia, anamtazama mama yake.

Kitu kinalia sakafuni. Fedha. Najua ni nini, mjane akipata habari havai pambo. Bi Mosi anavua bangili. Moja. Ya pili.

Ya tatu haitoki. Imekaa mkononi tangu alipoolewa, mkono umenenepa. Namsikia akihema, anaivuta. Amemwambia Mwanvita, kwa sauti ya kawaida kabisa, niletee sabuni.

Sabuni iko humu chumbani, juu ya sanduku. Nasikia miguu ya Mwanvita inakuja